Kimya cha Shangazi Udongo

Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga. Sebule ilikuwa darasa la wakubwa, vyumba vya kulala vikawa vya wadogo, na bafuni, ndani ya beseni refu la kuogea, ulilala udongo wa mfinyanzi chini ya magunia yaliyoloweshwa. Mwalimu wa ufinyanzi aliufunua kila asubuhi taratibu, kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka. Watoto walimwita Shangazi Udongo. Pale hakuna aliyeitwa mwalimu. Hapakuwa na kengele wala mtihani, na mtoto alisoma pale alipokuwa tayari kusoma.

Wifi yake, dada wa mumewe, aliicheka shule hiyo tangu siku aliyoisikia.

"Hamna kengele, mnajuaje kama mmechelewa?"

"Hatuchelewi."

"Basi bado hamjafika."

Lakini Wifi naye alikuwa amechoka. Alifundisha kusoma katika shule kubwa, darasa lenye watoto wengi hata waliokaa nyuma aliwajua kwa paji la uso tu, na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Mwalimu wa kusoma wa shule ndogo alipohama, Shangazi Udongo mwenyewe alimfuata wifi yake jikoni.

"Acha kule, wifi. Njoo kwetu. Nafasi ni kama yako."

"Kama yangu, au yangu?"

"Yako. Mimi nipo."

"Umeniibia kaka, angalau unilipe kazi," Wifi akasema, wakacheka. Wiki hiyohiyo aliaga kule, akakabidhi funguo za darasa, na mtu mwingine akakalia kiti chake kabla hakijapoa.

Shule ndogo ilikuwa na namna yake ya kuajiri. Mgeni alifundisha wiki nzima, kisha Ijumaa watoto na walimu walikaa mkekani, kila mmoja akasema anamtaka au hamtaki. Asiyesema kitu alihesabiwa kuwa amezuia, na mmoja tu alitosha kuzuia. Bibi, mwanzilishi wa shule, ndiye aliyeiweka kanuni hiyo, maana alikuwa ameishi muda mrefu na watu wanaosema kunyamaza ni kukubali. "Kwetu si hivyo," alizoea kusema. "Anayenyamaza ana hapana mdomoni, ila amekosa adabu ya kuitoa." Hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza aliyenyamaza kwa nini, na hakuna aliyeweza kuitisha mkeka tena kwa jambo hilo isipokuwa yeye mwenyewe. Na ya mkekani hayakutoka mkekani.

Wiki ya Wifi ilianza vizuri, na huko kwenda vizuri ndiko kulikoleta balaa.

Palikuwa na msichana mmoja aliyeitwa Kifungo, kwa sababu alikuwa akitafuna vifungo vya gauni lake. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake na hakujua kusoma. Shangazi Udongo alimsubiri. Alimfinyangia herufi za udongo, na Kifungo akazigeuza wanyama: B ikawa kuku anayeatamia, S ikawa nyoka aliyeshiba. Wageni walipouliza, Shangazi Udongo alijibu kwa fahari, "Hatumkimbizi." Alimpenda mtoto yule kwa mapenzi ya mtu anayelinda yai.

Wifi hakujua kulinda mayai. Alipiga makofi. "Ba, be, bi, bo, bu," akaimba kwa sauti ile yenye mikwaruzo, na watoto ambao hawakuwahi kuimbishwa chochote wakaimba hadi jirani akachungulia. Alhamisi, Kifungo alisimama ukumbini mbele ya boksi la sabuni. Midomo yake ikacheza.

"Sa," akasema. "Sa-bu. Sabuni."

Kisha akakimbia. Shangazi Udongo alikuwa mlangoni pa bafu, mikono imejaa tope, akaifungua kidogo kumpokea. Kifungo alimpita kama upepo unavyopita nguzo, akaenda kumkumbatia Wifi kiunoni.

Ijumaa walikaa mkekani. Wifi alingoja nje, kwenye ngazi.

"Namtaka," alisema Kifungo, wa kwanza.

"Anaongea kama redio ya jirani," alisema mvulana mwenye mwanya, "lakini namtaka."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu ikafika kwa Shangazi Udongo. Neno lilikuwa ulimini, fupi, jepesi. Alilisikia pale. Akatazama kucha zake, tope lililokauka pembeni mwa kucha, na neno halikutoka. Bibi alimngoja. Watoto walimngoja. Nje Wifi alikuwa akiimba polepole wimbo usio na maneno.

"Basi," Bibi akasema mwishowe. "Bado."

Langoni Wifi alimshika mkono. "Nani amenikataa? Yule wa mwanya?"

"Ya mkekani hayatoki, wifi."

"Sawa, usiseme. Mimi najua ulinisemea mpaka mate yakakukauka." Akambana mkono. Shangazi Udongo akauacha mkono wake humo, kwa kuwa kuutoa kungekuwa kusema.

Alijiambia kwamba kuimbisha watoto si njia ya shule yao. Ulikuwa uongo mzuri, uongo uliosoma, na angeweza kuutetea mbele ya wageni. Lakini hakuweza kuutetea mezani, mumewe aliposema huku akichovya mkate, "Dada anapiga pasi nguo za kazi kila asubuhi. Halafu anazirudisha kabatini."

"Atapata," akasema yeye.

"Wewe ndiye uliyemwambia aache," mumewe akasema, bila ubaya. Kama angesema kwa ubaya, ingekuwa afadhali.

Wiki mbili zilipita. Bibi akatangaza kuwa Jumatatu angekuja mwombaji mwingine, kijana mwenye gitaa. Siku ya tangazo hilo Kifungo aliingia bafuni, akakaa ukingoni mwa beseni.

"Shangazi, mbona hukusema?"

Mtoto hakuruhusiwa kuuliza. Lakini hapakuwa na mtu mwingine wa kumkanya ila aliyeulizwa.

"Nilikuwa nafikiri."

"Mpaka leo unafikiri?"

Shangazi Udongo akaurudishia udongo magunia yake, akanawa, akaenda kumwambia Bibi aitishe mkeka.

Alisema akiwa amekaa mkekani, mbele ya wote. "Nilinyamaza kwa wivu. Nilikuwa nataka Kifungo asome kwangu." Kifungo alitazama chini, kama yeye ndiye mwenye kosa, na hilo lilimchoma kuliko kama wangemzomea. "Namtaka," akamalizia. Hapana aliyepiga makofi. Bibi alisema tu, "Nenda ukamwambie kazi ni yake. Na huo wivu, leo nakuruhusu utoke nao mkekani."

Wifi alikuwa barazani akishona foronya ya mto.

"Nitungie uzi, macho yako bado mapya," akasema.

Shangazi Udongo alikosa tundu mara kadhaa. "Wanakutaka, wifi. Jumatatu uanze."

"We!" Wifi akaweka kitambaa magotini, uso ukafunguka. "Kumbe yule wa mwanya amelainika?"

"Hakukataa. Hakuna aliyekataa. Mmoja ndiye aliyenyamaza." Akaiteremsha sindano. "Mimi."

Wifi alicheka kidogo, akingoja mzaha uishe. Haukuisha. Alimtazama, kisha akatazama barabara, ambako mwanamke mmoja alikuwa akimvuta mbuzi asiyetaka kwenda.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu alikukimbilia wewe."

"Nani?"

"Kifungo."

Wifi akaichukua sindano mkononi mwake, akautunga uzi mwenyewe mara moja, macho yake yale ya zamani hayakukosea. Alishona mishono kadhaa kabla ya kusema.

"Ningekuachia yule mtoto. Ungeniambia tu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungesema." Akakata uzi kwa meno. "Kazi naitaka. Jumatatu nitakuja. Lakini usinipitie asubuhi tuongozane, nitakuja peke yangu. Na mpe kaka salamu."

Shangazi Udongo akasimama. Alitaka kusema samahani, akaona ni neno dogo mno kwa mtu anayeshona, akalisema hivyohivyo.

"Nimesikia," akasema Wifi, bila kuinua uso.