Ukuta wa Vifuniko wa Theodosia

Nyumba za Nyabusozi zilijengwa katika safu tatu zilizopimwa kwa kamba. Operesheni Vijiji, iliyowahamisha watu kutoka mashambani mwao, ilipokamilika mwaka 1974, zote zilikuwa na ukubwa mmoja, mlango upande mmoja, na udongo wa rangi moja. Theodosia, mjane wa kabila la Wasubi, alipewa ya sita katika safu ya pili. Hakulalamika juu ya nyumba. Alichokuwa akiuliza, kwanza kwa balozi wa nyumba kumi na baadaye kwa yeyote aliyemsikiliza, ni jinsi mwanawe atakavyoijua.

Privatus alikuwa jeshini tangu mwaka uliotangulia. Aliiacha familia kwenye shamba la migomba la baba yake, mwendo wa nusu siku kutoka hapo, na mahali pale sasa palikuwa msitu. Akija likizo angefika wapi?

Jibu la Theodosia lilikuwa ukuta wa mbele. Kila alipokwenda Biharamulo mjini alipita dukani kwa Yahaya, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani, akaomba vilivyotupwa nyuma ya duka: vizibo vya soda, vifuniko vya makopo ya maziwa, vipande vya kioo kilichovunjikia safarini. Zahanati ilimpa makopo matupu. Vifungo alivikata kwenye mashati ya mtumba yaliyochakaa yasifae hata kwa kulimia.

Kazi yenyewe aliifanya kwa miaka mitatu, kipande kwa kipande. Vifuniko alivinyoosha kwa jiwe na kuvitoboa kwa msumari ili udongo upenye na kuvishika. Alichanganya udongo wa kichuguu, samadi na majivu, akaupaka ukutani upana wa kiganja tu, akabandika kabla haujakauka. Mchoro aliuchukua kwenye vikapu vya mama yake: pembetatu zinazotazamana, safu juu ya safu. Kioo alikiweka katikati ya kila pembetatu. Jua la asubuhi lilipoupiga, ukuta ulionekana kutoka barabara ya Biharamulo.

Mwaka 1977 mwalimu wa shule ya kijiji alimwandikia barua kwenda kambini: nyumba yetu ni yenye ukuta unaong'aa, hakuna nyingine. Privatus alijibu kwamba ameelewa na atakuja. Kisha vita vikaja kabla yake.

Novemba 1978 Shibuda, mwenyekiti wa kijiji, aliitisha mkutano na kusoma barua kutoka wilayani. Mapaa ya bati yafunikwe majani, ndege za adui zisiyaone. Kijiji kizima kilikuwa na mapaa mawili ya bati, la shule na la ghala. Yalifunikwa siku hiyohiyo, na watu walikuwa wameanza kutawanyika wakati Shibuda alipomtazama Theodosia.

"Mama Privatus, na ule ukuta wako?"

"Barua imesema paa, Mwenyekiti."

"Imesema bati. Kopo ni nini?"

Theodosia alitembea hadi ofisi ya kata. Karani aliisoma barua mara mbili akamwambia kuta hazimo. Alirudi na habari hiyo. Shibuda alisema karani halali Nyabusozi, na bomu likianguka halitaanguka kwenye ofisi ya kata. Mgambo mmoja alishauri ufunikwe mchana tu. Mwingine alisema usiku, kwa sababu ya mbalamwezi. Bernadetha, jirani yake, aliuliza rubani anawezaje kuona ukuta akiwa juu, naye akaambiwa anyamaze, hajawahi kupanda ndege. Shibuda naye hakuwa amepanda, lakini hilo hakuna aliyelisema.

Mwishowe Theodosia aliupaka ukuta udongo, mwenyewe, kwa mikono yake. Alitaka kumwandikia Privatus barua nyingine, lakini mwalimu hakujua kikosi chake kiko wapi, wala kama alama ya nyumba inaruhusiwa kutajwa katika barua ya vita. Hawakuandika.

Julai 1979 askari mmoja alishuka kwenye lori barabarani, akamkuta Shibuda ghalani. Alisema anamtafuta Theodosia, mwenye nyumba ya ukuta unaong'aa.

Shibuda alikuwa amekitisha kijiji kwa ukuta ule miezi minane, na sasa aliogopa kwamba kweli umemfikisha mwanamke mahali pabaya, na askari amekuja kumkamata. Alijibu kwamba kijiji chake hakina ukuta wa namna hiyo wala mtu wa jina hilo. Askari aliuliza tena. Shibuda aliapa. Askari alishukuru, akabeba begi lake na kushika njia ya Nyamahanga, kijiji cha jirani.

Ndipo Shibuda akaenda kwa Theodosia kumpa habari njema.

"Nimekuokoa, Mama. Askari alikuja kukuulizia. Nimemwambia hatukujui."

"Askari gani?"

"Mrefu. Ana pengo hapa mbele."

Theodosia aliacha mchi kwenye kinu, akauliza ameshika njia ipi, akatoka mbio. Shibuda alimfuata nyuma, akieleza kwamba hakujua, kwamba mtu yeyote angefikiri hivyo, kwamba kijana mwenyewe angetaja kuwa ni mwanawe. Walimkuta kwenye kivuko cha pili, amekaa juu ya begi, anamuuliza mchunga ng'ombe kama kuna Nyabusozi nyingine. Alisimama alipomwona mama yake, akasahau kusema shikamoo.

Mbele ya nyumba, Privatus aliangalia ukuta wa udongo, kisha wa nyumba ya kushoto, kisha wa nyumba ya kulia. Mama yake alijaribu kumweleza: bati, ndege, karani, mbalamwezi. Alipoona haeleweki alichukua kisu akaanza kubandua. Kifuniko cha kwanza kilitoka na kutu.

"Ngoja, Mama Privatus," Shibuda alisema. "Barua ya kufunika tunayo. Ya kufunua haijaja."

"Si vita vimekwisha?"

"Vimekwisha. Lakini haijaja."

Wote wawili walimgeukia Privatus, kwa kuwa ndiye aliyevaa sare. Alikuwa koplo. Hakuwahi kupewa mamlaka juu ya ukuta wowote.

"Funua, Mama," alisema.

Shibuda alitoa daftari lake mfukoni. "Afande, hiyo ni amri? Niandike?"

Privatus alifikiri kidogo.

"Andika," alisema, akainama kumsaidia mama yake.