Mkono Wangu Katika Eda ya Shangazi

Duka la shangazi yangu pale Busia liliitwa Nyumba ya Manukato. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Sheria yake ilikuwa chupa moja, harufu moja. Waridi ni waridi, sandali ni sandali. Mteja alipakwa tabaka juu ya tabaka, kila moja likingojwa likauke, mpaka apate harufu ambayo jirani yake hana. Mimi, niliyetoka chuo kikuu na shahada bila kazi, nilimwuliza kwa nini asichanganye yote kwenye chupa kubwa tukapumzika. Alinijibu kwamba hata wali na mchuzi hupikwa sufuria mbili.

Kisha mumewe akafariki, naye akaingia eda. Kwa miezi minne na ushei mjane wa Kiislamu hukaa ndani, hajipambi wala hajipaki manukato. Niliuliza sandali imekosa nini. Niliombwa nipunguze sauti, huu ni msiba. Lakini kila tabaka alikuwa akilijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, hivyo Nyumba ya Manukato ikabaki bila mkono.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa Malaba, hakukawia kuona huruma. Alikuja na matairi ya baiskeli akayatundika juu ya waridi. Vijana wanaovusha abiria mpakani, alinieleza, hutobokewa kila siku, ilhali harufu haitoboki. Nusu ya duka ilikuwa ya kaka yake, na sasa yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa marehemu. Shangazi alinituma nimsihi asubiri. Alikubali kusubiri mpaka Ijumaa: akipatikana mteja mmoja wa maana bila shangazi kukanyaga dukani, atayashusha matairi yake. Asipopatikana, duka ni la baiskeli.

Alhamisi akaingia mama mmoja kutoka Tororo, shangazi wa bibi harusi. Wenyewe humwita senga. Uganda wakati huo hata sabuni ilikuwa adimu, lakini watu waliendelea kuoana kwa ukaidi. Alitaka manukato ya harusi, na akaonya kwamba bibi harusi wake asije akanukia kama yule wa wiki iliyopita. Shemeji alikuwa ameketi kando, mtulivu kama mtu anayesubiri maiti.

Nilikunja mkono wa shati. Nikapaka sandali, ikakauka, nikaongeza waridi, kisha asumini, nikapita pazia la nyuma hadi uani kwa shangazi, alikokalia eda. Shemeji alinifuata kwa uchaji ambao sikuwahi kuuona msikitini.

“Mjane hanusi manukato,” alisema.

“Nimekatazwa kujipaka, shemeji,” shangazi akajibu. “Pua yangu haijafiwa.”

Nilimwuliza shemeji kama mjane akipikiwa pilau anapaswa kuziba pua. Akasema hayo ndiyo mambo ya chuo kikuu. Shangazi alikwisha kunusa. Waridi imewameza wenzake, alisema. Nikaoshe mkono, asumini itangulie, waridi iwe tone tu mwishoni. Nikaenda, nikarudi na mkono mwingine. Safari hii alifumba macho, akaniashiria kwa kichwa nirudi dukani.

Senga alinusa kiwiko changu bila haya, akanusa tena, akauliza kama nimeoa. Kisha akanunua chupa zote tatu, na nyingine tatu za wasindikizaji.

Ijumaa shemeji aliyashusha matairi moja moja, akilalamika kwamba yameshika waridi na hakuna mwanamume wa Malaba atakayeyanunua. Nilimshauri ayapeleke Amukura, huenda huko wana mafua.

Jioni hiyo nilimpungia kijana wa baiskeli anipeleke nyumbani. Alininusa, akafuta kiti kwa kiganja.

“Bibi harusi, karibu.”

Nilipanda. Eda ilikuwa haijafika hata nusu.