Kikundi Kisicho Chama

Jumamosi, katika mkahawa mmoja wa Whitehall, huku Columbus ughaibuni, nilikaa nyuma ya wanafunzi wa usanifu majengo waliokuja kuanzisha kikundi.

"Si chama," alisisitiza kijana Mkenya. "Ni kukutana tu, tukosoane kazi zetu."

Mwenzao Mkongo, dada mwenye kilemba cha kitenge, alikuwa amepakata nyumba ya kadibodi kama mtoto.

Wakafungua kwa sala. Kisha wakachagua mwenyekiti, yule yule wa "si chama". Akafuata katibu, mweka hazina, hata msimamizi wa nidhamu. Chai ikapoa wakibishania jina. Hatimaye mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo.

"Bon, na nyumba yangu?" dada akasema, akiiinua. "Jumatatu naipeleka ku profesa. Muniambie ukweli, itasimama?"

Wakainama wote, wakaitazama. Mwenyekiti akakohoa.

"Napendekeza tuunde kamati ndogo iichunguze."

"Naunga mkono!" wakajibu kwa pamoja.

Dada akacheka, akaipakata tena. Nami nilikuwa nikihofu kwamba vijana wetu wakifika huku watasahau kwao. Hofu hiyo imeniisha.