Ukuta Uliojengwa Mbele ya Jicho Langu

Kabla ya kushika hadubini nilishika vichwa vya watu. Nilikuwa kinyozi karibu na stesheni ya Eldoret, mtu mzima mwenye mke; tulikuwa tumehamia kutoka upande wa Kakamega. Asubuhi moja Mzungu mmoja, mtaalamu wa mimea, alikuja kwangu na nyembe nne butu.

"Wewe noa hii," akasema.

Nilizinoa kwenye mkanda wa ngozi. Alijaribu mmoja kwenye nywele za mkono wake, kisha akaniuliza kama ningeweza kukata bua la ngano liwe jembamba kuliko karatasi.

"Bwana, hilo sijajaribu," nikamwambia. "Lakini ndevu nimenyoa nyingi, na damu sijamwaga."

Akanipeleka kwenye chumba chake cha kazi. Ngano ya masetla ilikuwa ikilala chini kila upepo ulipovuma, naye alitaka kujua kwa nini bua moja husimama na lingine huanguka. Alinionyesha kubana bua ndani ya kipande cha karoti ili lisipondeke. Nikakata vyote pamoja, wembe ukiwa umelowa maji. Vipande vyangu vilielea kwenye kisahani kama mbawa za kumbikumbi. Akavidondoshea dawa inayotia rangi sehemu ngumu za mmea, na chini ya hadubini kuta za seli zikaonekana nyekundu. Bua lililosimama lilikuwa jekundu sana. Lile lililolala, waridi hafifu tu.

"Hizo kuta hujengwa vipi?" nikauliza.

Kesho yake alileta gugu lenye ua dogo la zambarau. Alichomoa unywele mmoja wa ndani ya ua, akaulaza kwenye tone la maji ya sukari, akaniketisha mbele ya hadubini. Kwa kuwa unywele ule ulikuwa hai, hatukuupaka dawa yoyote. Kazi yangu ilikuwa kutazama na kuchora, kila dakika mbili.

Ule wa kwanza ulikufa. Wa pili haukufanya lolote. Kwenye wa tatu, katika seli ya mwisho, niliona vijiti vidogo vikivutana huku na huku. Katikati pakatokea chembechembe, zikajipanga, zikashikana, zikawa mstari. Mstari ukatambaa kutoka katikati kwenda kando, pole pole, mpaka ukagusa pande zote mbili. Seli moja ikawa mbili.

"Bwana, njoo! Ukuta unajengwa!"

Alikuja mbio akapiga magoti kando yangu. Alitazama, akatazama michoro yangu, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mimi nasoma hii miaka mingi," akasema. "Lakini kuona mwanzo mpaka mwisho, bado."

Nyumbani sikuweza kula. Mke wangu aliponiuliza nina nini, nilimweleza yote huku nikichora kwa mkaa sakafuni.

"Na mimi nataka kuona," akasema.

Mtaalamu alikubali. Jumamosi mke wangu alikaa kwenye kile kiti mpaka miguu ikafa ganzi, akakataa kuinuka kabla mstari haujafika kando. Ngano iliendelea kulala msimu ule na uliofuata. Lakini mimi sikurudi stesheni tena; kiti changu cha kinyozi nilimwachia jirani.