Upande wa Kwanza Haukatizwi

Marlene Ostrow aliamka na hofu, na hakuona haya kuisema. Upepo mkavu ulikuwa umeshuka bondeni, ule unaowafanya watu wa Topanga wanuse hewa kutafuta moshi kabla ya kunywa kahawa. Kufika adhuhuri jua lilikuwa la rangi ya chungwa, na majivu yakaanza kutua juu ya nguo alizoanika.

Ndani, mumewe Lyle alikuwa mbele ya gramafoni ya umeme akisikiliza santuri ya ghalani. Ndivyo walivyoiita, kwa sababu ya picha ya jalada: vijana watatu, wanaume wawili na msichana mmoja, pekupeku mlangoni pa ghala, nywele mabegani. Waliinunua mwaka walipohama Nebraska wakaja kuishi nyumba moja na kundi la watu wasiojua kuosha sufuria. Nyumba ile haikuwa na sheria isipokuwa moja: sindano ikishagusa santuri, hakuna kuongea wala kuinuka mpaka upande uishe. Wenzao walikwenda zao, wakawa mawakili na mababu. Lyle alibaki na sheria.

Ugonjwa wa kusahau ulimnyang'anya karibu kila kitu, hata jina la mkewe. Sheria haukuigusa. Mara ya mwisho Marlene alipoinua sindano katikati ya wimbo, Lyle alijifungia bafuni akapiga mayowe mpaka jirani akaja kuvunja kitasa.

Jirani huyohuyo, Teresa Quintana, mzimamoto wa kujitolea, sasa alisimamisha pikapu langoni na kupiga honi.

"Mama Marlene! Bado mpo? Mnangoja muive?"

"Lyle anasikiliza."

"Mbebe na gramafoni yake! Moto umeshavuka kilima, barabara inafungwa sasa hivi!"

"Nimbebe mimi? Si ndiyo nitavunjika kiuno!"

"Basi nambeba mimi."

"Ukimgusa atakung'ata. Niachie wimbo huu tu, tafadhali."

"Wimbo! Haya, nakwenda kumtoa mzee wa juu. Nikirudi niwakute garini."

Marlene aliingia ndani. Ulikuwa wimbo wa tatu, pale ambapo kiti cha mpiga gitaa kinasikika kikilia na hakuna aliyejali kuufuta mlio huo. Alikipenda kile kiti. Alipenda pia jinsi sauti ya yule msichana ilivyopita chini ya sauti za wanaume, kama mtu aliyeshika ngazi wenzake wapande.

Umeme ukakatika. Sauti zikazama, zikanguruma, zikanyamaza.

"Nani amezima?" Lyle alishika masikio. "Nani amezima, nyie?"

Dirishani Marlene aliona moto juu ya kilima, mwekundu, unashuka.

Hakuwa mtu wa kuimba. Katika nyumba ile ya ujana, mmoja wa wenzao aliyepiga gitaa alimwambia kwa kicheko kwamba sauti yake ingegandisha maziwa, na tangu siku hiyo hakuimba hata siku za kuzaliwa. Sasa alifungua kinywa. Ilitoka sauti ya kukwaruza, lakini ilishika njia ya yule msichana, palepale ilipokatika.

Lyle alishusha mikono. Marlene akarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, akiimba. Kuinuka kulikuwa marufuku, ila kwake santuri yenyewe ilikuwa inaondoka, na Lyle hakukubali kuachwa. Aliinuka akaifuata mpaka garini, na Marlene akashika usukani.

Barabara ya kushuka ilijaa magari yasiyosogea. Nyuma yao moshi ulikuwa umemeza paa la nyumba. Marlene aliimba wimbo wa nne, akaimba wa tano polepole, kwa sababu hofu mpya ilikuwa imemshika: upande ukiisha, Lyle huinuka kugeuza santuri. Angefungua mlango, aingie motoni akiitafuta.

Wimbo ukaisha. Koo lilikuwa limemkauka kwa moshi.

"Upande umeisha," Lyle alisema, na mkono wake ukainuka.

Haukwenda mlangoni. Ulishika kidevu cha Marlene, kwa ncha za vidole, kwa uangalifu uleule aliogeuzia santuri miaka yote, ukamgeuza taratibu mpaka wakatazamana.

"Upande wa pili," alisema. Akamwangalia kama mgeni. "Simjui mwimbaji huyu. Walimficha wapi siku zote?"

Marlene alifuta machozi kwa kiganja chenye majivu, akaanza upande wa pili.