Kifuniko Chekundu cha Pomadi

Mwanamke yule alipofika barazani kwetu, sisi wapiga picha watatu tulikuwa tunabishana kama betri ya kamera inafaa kulazwa juani au kufungwa ndani ya soksi. Alikuwa amefunga kitambaa cha msiba kichwani na macho yake yalikuwa yamevimba. Alitusalimu, tukaitikia huku tukiendelea na soksi zetu. Akangoja kidogo, akachoka kungoja.

"Bapapa, minatafuta picha ya baba yangu. Alikufa jana. Tunamuzika kesho asubui, na hatuna hata picha moja ya kutia juu ya sanduku."

"Pole sana, mama," akasema mwenye studio. Kisha akamgeukia mwenzetu. "Lakini soksi inaleta joto mubaya, usinibishie."

Ndivyo tulivyokuwa. Naandika haya bila kutusetiri, kwa kuwa tulijisetiri wenyewe vya kutosha.

Mwenye studio alikuwa na kibanda cha mbao kando ya barabara kubwa ya Bunia, mahali ambapo wamotari husimama na pikipiki zao kungoja abiria, na ndani yake kompyuta moja na mashine ya kuchapa picha. Kamera yake ilikuwa na miaka, lakini hakuwahi kubandua ile nailoni ya dukani juu ya kioo cha nyuma. Nailoni ilikuwa imejaa mikwaruzo na mapovu, hata akitaka kuona picha aliyopiga alilazimika kuinamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe. Ukimwambia aibandue alikujibu kwamba kamera iko mpya. Ilikuwa mpya kwake peke yake, katika dunia yake.

Wa pili aliwahi kuwa mwalimu, na alipoacha chaki hakuacha kufundisha. Somo lake lilikuwa kulenga. Alituambia kwamba lenzi yake haikosei uso wa mtu, hata gizani. Lenzi yenyewe ilikuwa inalia kila ilipoutafuta uso huo: ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, ikahangaika, mwishowe ikatulia juu ya ua la plastiki. Tumeona maharusi wengi wa mji huu wakiwa ukungu mtupu, nyuma ya maua yanayohesabika petali. Na mwalimu hafuti picha hata moja, kwa sababu anaamini kufuta kunachosha kadi.

Wa tatu nilikuwa mimi, na mimi ndiye mbaya zaidi. Kifuniko cha lenzi yangu kilipotea zamani, nikaweka mahali pake kifuniko chekundu cha kopo la pomadi ambacho, kwa bahati, kilikaa sawasawa. Wenzangu walinicheka. Niliwajibu kwamba vumbi la Bunia haliulizi rangi, nikajiona mwerevu.

Ujinga wetu mkubwa uliingia siku jamaa mmoja wa saiberi alipochomeka kamera zetu kwenye mashine yake na kutusomea ni mara ngapi kile kipazia cha ndani, kinachofunguka na kujifunga kwa kila picha, kimeshafanya kazi. Kabla ya siku hiyo tulikuwa tunapiga picha. Baada yake tukawa wagonjwa wa hesabu. Kila picha ikawa uchakavu. Tulitazamana kwa wivu, mwenye kamera iliyofanya kazi kidogo akajivuna kuliko wote, kana kwamba kamera hununuliwa ili ipumzike.

Hapo ndipo tukazua kupiga kavu. Kwenye arusi watu hukuzunguka, kila mmoja anataka asimame mbele ya kamera kubwa, hata kama ana simu mfukoni. Sisi tulitazama viatu. Mwenye viatu vya kung'aa tulimpiga kweli, maana atakuja kuchukua picha yake. Mwenye sandali tulimpiga kavu. Flashi ina kibonye kidogo nyuma yake. Ukikibonyeza taa inawaka peke yake, na kipazia hakijui lolote. Mtu anamulikwa, anatabasamu, anasema aksanti, anakwenda zake. Masharti yalikuwa mawili: mkono wa kushoto uikumbatie lenzi ili mtu asione kwamba imefungwa, na usimgeuzie kioo kamwe. Betri za flashi ziliisha mara mbili kwa arusi moja kwa ajili ya taa hizo za bure, lakini hatukuona ubaya. Kamera ilibaki mpya.

Sasa mwanamke yule alikuwa bado amesimama. Akatueleza mambo yake kwa ufupi. Baba yake alikimbia vita kutoka Djugu na nguo alizovaa, na picha za ujana wake zilibaki kwenye nyumba ambayo sasa haipo. Picha ya kadi yake ya mpiga kura ilikuwa imefifia hata yamebaki masikio tu. Simu ya mwanamke mwenyewe ilikuwa ile ndogo ya tochi. Ila Jumamosi tatu zilizopita mzee alialikwa arusi hapo mtaa wa Saio, na watu wa bibi arusi wamemwambia kwamba wapiga picha walikuwa sisi watatu.

"Mi sikuenda, mutoto alikuwa mugonjwa," akasema. "Lakini baba alirudia na furaha. Alisema mupiga picha mumoja alimupiga peke yake, na picha imetoka muzuri. Alikuwa na kofia ya kahawia."

Aliposema kofia nilimkumbuka mzee mara moja. Siku ile ya arusi alinijia taratibu, akaniuliza kama naweza kumpiga na yeye. Nilimtazama miguuni kwanza. Alikuwa na sandali za mpira, moja imeshonwa kwa waya. Akavua kofia, akaishika kifuani. Akafunga kifungo cha juu cha shati, kidevu chake kimenyolewa siku hiyo hiyo, bado kina mkwaruzo wa wembe. Alikuwa hajui mikono aiweke wapi. Nikakumbatia lenzi, nikabonyeza flashi.

"Imetoka?" akaniuliza.

"Imetoka muzuri sana, muzee."

"Aksanti, mutoto yangu. Utamupatia binti yangu."

Sikumuuliza hata binti yake ni nani.

Pale barazani wenzangu wakanitazama, maana walijua. Nami nikafungua kinywa nikamwambia mwanamke yule: "Mama, batri ilikufa pale pale. Kadi haikuandika."

Na hapo ungewaona mabingwa wangu! Mwenye studio akaanza kueleza jinsi betri isiyo ya original inavyoweza kumeza picha. Mwalimu akamkatiza, akasema si betri, ni kadi iliyochoka. Wakabishana mbele ya mfiwa, kwa bidii na kwa maneno ya Kifaransa, juu ya ugonjwa wa picha ambayo wote watatu tulijua haijawahi kuwepo. Sijawahi kutudharau kama dakika ile.

Mwanamke hakubishana. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa.

"Basi mutafute kwa zenu," akawaambia. "Watu walikuwa wengi. Labda iko nyuma ya mutu."

Jenereta lilikuwa linafanya kazi, hatukuwa na kisingizio. Mwenye studio akafungua za kwake: keki, viatu vyenye kung'aa, keki tena. Hakuna kofia ya kahawia. Kisha ikachomekwa kadi ya mwalimu, ile isiyofutwa, na zikaanza kupita pua zisizo na nyuso, maua makali kama ya sokoni, bibi arusi asiyeonekana vizuri popote. Mwalimu alikohoa sana wakati wote huo. Mwanamke aliisogelea kompyuta na kutazama kila moja hadi mwisho, hata zile za mapazia.

"Simama," akasema. "Rudisha."

Mwalimu alikuwa amemlenga bibi arusi kutoka ubavuni mwetu, nami, bila kumwona mwalimu, nilikuwa nimejipenyeza na mzee katikati yao. Flashi yangu ya bure ilikuwa imewaka sekunde ile ile aliyobonyeza yeye, na taa yangu ndiyo iliyommulika mzee. Alikuwapo. Ukungu kidogo, lakini ni yeye: kofia kifuani, kifungo kimefungwa, macho yanatazama mbele kwa heshima zote. Sijui ni mara ngapi mtu amewahi kunitazama hivyo.

Tatizo lilikuwa kile alichokuwa anakitazama. Mkono wangu ulikuwa umekata mbele ya bega lake, umeshika kamera, na lenzi ya mwalimu, ile isiyokosea uso wa mtu, ilikuwa imechagua kulenga hapo. Vidole vyangu vilionekana hadi kucha. Katikati ya vidole, chekundu, kikali kuliko kitu kingine chochote kwenye picha, kilikuwa kifuniko cha pomadi. Hata herufi za ukingoni mwake zilisomeka.

Mwanamke akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Hii nyekundu ni nini?"

Wale mabingwa wa betri wakarudia kukagua soksi zao. Yeye akageuka polepole, akaitazama kamera yangu juu ya benchi, imefungwa kifuniko chake chekundu kama siku zote. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa matusi na ningeyapokea yote.

"Tutaikata, mama," mwenye studio akawahi. "Tutabakisha muzee peke yake."

"Mukikata ule mukono mutamukata baba bega. Wacheni vile iko. Muichape kubwa."

Ikachapwa kubwa. Alipoishika alinitazama mara ya kwanza tangu aingie.

"Kesho na weye uje, papa. Na aparei yako," akasema, akiionyesha kamera kwa kidole.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikwenda. Ningeweza kukimbilia Mahagi, nisingekuwa mtu wa kwanza, lakini nilikwenda. Uani pale Saio watu walikuwa wamejaa chini ya turubai, wengi wao watu wa Djugu waliokimbia kama mzee, wanaimba. Juu ya sanduku, ndani ya fremu ya mbao, ilikaa picha. Kila aliyepita kumuaga mzee aliuona na mkono wangu. Mama mmoja aliinama kabisa, akajaribu kusoma herufi za kifuniko, akaniangalia nilipokuwa nimesimama na kifuniko chenyewe kwenye lenzi.

Kabla ya sanduku kuinuliwa binti yake alitoka kati ya wanawake. Aliichukua fremu, akaishika kifuani kwa mikono miwili, kama baba yake alivyoshika kofia, akaja akasimama mbele yangu. Nyimbo ziliendelea. Niliinua kamera kwa mazoea, na mkono wa kushoto, kwa mazoea yale yale, ukapanda wenyewe kuikumbatia lenzi.

"Toa ile nyekundu kwanza," akasema.

Nilikitoa. Sikujua nikiweke wapi, nikakitia mfukoni, kikaanguka, nikakiacha chini. Nilimlenga yeye na mzee wake kwa muda mrefu, mpaka lenzi ikatulia, nikabonyeza. Kipazia kikalia mara moja, sauti ndogo ambayo nilikuwa nimeionea uchungu miaka yote ile.

"Imetoka?" akaniuliza.

Kinywa changu kilikuwa na jibu lake tayari, lile lile. Nililimeza. Niligeuza kioo, nikampa kamera mikononi aone mwenyewe.