Stika ya Tufaha

Juzi nilikuwa kwenye studio moja mjini Machakos, nikingoja kupigwa picha za pasipoti. Mbele yangu mama mmoja wa Kola alikuwa ameleta diski yenye video ya harusi ya bintiye. Mwenye studio akagonga kompyuta yake yenye stika ya tufaha, nembo ya kompyuta za Mac.

"Mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba, "hii ni Mac orijino ya ng'ambo."

Akachomeka diski. Haikuonekana kwenye skrini. Akachomeka tena, akapangusa jasho. "Wacha niizime niwashe upya. Kadi yake ya Thunderbolt, hii ya kuchomekea diski, huona tu diski iliyochomekwa kabla kompyuta haijawaka."

"Kama ni ya ng'ambo, mbona inasumbua?"

Akafunika stika kwa kiganja. "Ukweli ni niliiunda mwenyewe, mama. Hiyo kadi nimehangaika nayo sana mpaka ikakubali."

Aibu ilinishika hata mimi, nikajifanya nasoma kalenda ukutani. Kompyuta ikawaka, bibi harusi akatokea akicheka.

Mama akaweka kiondo chake kwenye kaunta. "Hiki nimesuka mwenyewe. Sijawahi kuambia mtu kimetoka ng'ambo."

Zamu yangu ilipofika, mwenye studio aliniambia niinue uso. Wake ulikuwa bado chini.